Damu Haingoji Picha

Kabla ya mashine kulikuwa na uzi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini New York, daktari Max Einhorn aliwapa wagonjwa wake uzi wa kumeza wakati wa kulala, ncha moja ikibaki nje ya mdomo. Asubuhi aliuvuta pole pole, akaunyoosha, akatafuta doa la damu. Akishaliona alipima urefu kutoka mahali uzi ulipogusa meno hadi kwenye doa, halafu akakisia kidonda kiko umbali gani huko ndani.

Leo stori hii inachekesha, lakini Einhorn alikuwa ameshika swali lenyewe. Kujua kwamba mtu anavuja damu tumboni mara nyingi si kazi ngumu. Choo kinakuja cheusi na kunata kama lami, au kinakuja chekundu. Mtu anapauka, anahema akipanda ngazi, moyo unamwenda mbio. Swali gumu ni wapi. Na historia ya picha za hospitali, ukiifuata kutoka upande wa utumbo, ni historia ya watu waliotafuta jibu la neno hilo moja kabla mgonjwa hajaishiwa na damu, au kabla damu haijaacha kutoka. Hilo la pili linasikika kama habari njema. Tutaona vile lilivyowasumbua madaktari kuliko la kwanza.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama mita 6, na utumbo mpana unaongeza kama mita 1 na nusu. Yote hiyo imekunjwakunjwa tumboni, na haitulii. Inajiviringisha na kusukuma vitu mbele usiku na mchana. Damu ikivuja mahali fulani, inasukumwa pamoja na chakula, kwa hivyo unapoiona iko mbali sana na ilikotoka. Rangi inasaidia kidogo: damu iliyotoka juu, tumboni, huwa imegeuka nyeusi njiani, na iliyotoka karibu na mwisho huwa nyekundu. Lakini damu ya juu ikimwagika kwa kasi inaweza kufika nyekundu, na ile ya mwanzo wa utumbo mpana ikitoka pole pole inaweza kufika nyeusi. Hata rangi inadanganya.

Kwa nini wapi iwe muhimu hivyo? Kwa sababu ya kisu. Kabla ya picha za kuaminika, mgonjwa aliyeendelea kuvuja damu alipelekwa kwa mpasuaji. Mpasuaji alifungua tumbo na kukuta utumbo umejaa damu, na ukiutazama kwa nje hauonyeshi iliingilia wapi. Alipapasa akitafuta uvimbe. Alimulika taa. Asipopata kitu alibaki na njia mbili: kulifunga tumbo na kuomba Mungu, au kukata kwa kukisia, wakati mwingine utumbo mpana karibu wote. Na kuna wagonjwa waliokatwa hivyo halafu wakaamka na kuendelea kutoka damu, kwa sababu chanzo hakikuwa kwenye kipande kilichotupwa.

Eksirei ilipokuja, haikusaidia mara moja. Wilhelm Röntgen aligundua miale yake mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana wazi. Lakini mfupa una bahati. Kwa eksirei, damu, nyama na ukuta wa utumbo ni kivuli kimoja. Ili uione damu lazima uichanganye na kitu ambacho miale haipenyi kirahisi. Januari 1896, wiki chache tu baada ya habari za Röntgen kutoka, Eduard Haschek na Otto Lindenthal wa Vienna walijaza mishipa ya mkono na uji mzito wa madini, wakapiga picha. Mishipa yote ilionekana kama mizizi ya mti. Tatizo ni kwamba mkono huo ulikuwa wa maiti. Uji ule ungemuua mtu aliye hai.

Mwaka huohuo, Walter Cannon, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, alianza kuwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na bismathi ili atazame njia ya chakula ikifanya kazi. Kutoka hapo tukafika kwenye bariamu, ule uji mweupe kama chokaa ambao wagonjwa wamenyweshwa kwa zaidi ya miaka mia. Bariamu inachora umbo la utumbo kwa ndani. Inaweza kuonyesha kidonda au uvimbe. Lakini ilikuwa na kasoro mbili kwa mtu anayevuja damu. Ya kwanza, kuona kidonda si ushahidi kwamba kidonda hicho ndicho kinachovuja leo. Ya pili, uji ule ukishaingia unabaki mle kwa muda na kuziba kila picha nyingine utakayotaka kupiga.

Kwa hivyo ilibidi wabadilishe njia. Badala ya kuutazama utumbo kutoka ndani yake, waufuate kupitia mishipa inayouletea damu.

Reynaldo dos Santos wa Lisbon alionyesha mwaka 1929 kwamba unaweza kuchoma sindano ndefu mgongoni hadi kwenye mshipa mkuu wa mwili, ukadunga dawa ya picha na kuiona mishipa ya tumbo kwa mtu aliye hai. Ilifanya kazi, lakini dawa ilisambaa kila mahali kwa mkupuo mmoja. Kuupeleka mpira mwembamba ndani ya mshipa mmoja tu unaoutaka kulikuwa shida, kwa sababu sindano ya kupitisha mpira ilipaswa kuwa nene kuliko mpira wenyewe, na tundu kubwa kwenye ateri si mchezo.

Jibu lilitoka kwa daktari kijana wa Stockholm, Sven-Ivar Seldinger, na alilichapisha mwaka 1953. Kama umewahi kumtazama fundi wa stima akipitisha nyaya ndani ya paipu iliyozikwa ukutani, unalijua tayari. Fundi hutanguliza waya mgumu kidogo, ukifika upande wa pili ndipo anavuta zile nyaya zenyewe. Seldinger alichoma sindano nyembamba kwenye ateri ya pajani, akapitisha waya ndani ya sindano, akaitoa sindano akiuacha waya, kisha akateleza mpira juu ya waya hadi ndani. Waya ukatolewa, mpira ukabaki. Tundu halizidi unene wa mpira, na mpira unaweza kuongozwa mpaka kwenye mlango wa mshipa unaolisha utumbo. Mbinu hiyo bado inatumika kila siku duniani, Kenya ikiwemo.

Sasa vipande vyote vilikuwa mezani. Mwaka 1960, Alexander Margulis na wenzake huko Marekani walichapisha habari za kuitafuta damu kwa kupiga picha ya mishipa ya utumbo wakati tumbo la mgonjwa liko wazi kwenye chumba cha upasuaji. Mwaka 1963, kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, mpasuaji Moreye Nusbaum na mwanaradiolojia Stanley Baum wakaenda hatua zaidi: kupata mahali kabla kisu hakijaguswa. Walianza na mbwa. Waliwafanya wavuje damu ndani ya utumbo kwa kasi waliyoipima, wakadunga dawa ya picha kwenye mshipa, wakatazama kama itaonekana ikimwagika. Ilionekana hata damu ilipokuwa ikitoka kwa mililita 0.5 tu kwa dakika.

Hebu tuiweke namba hiyo jikoni. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hivyo huo ni uvujaji wa kijiko kimoja kila dakika 10. Ukiendelea hivyo kwa saa 24 unafika mililita 720, yaani zaidi ya chupa mbili za soda ya mililita 300. Mtu hawezi kustahimili hivyo kwa siku nyingi. Lakini picha moja ya anjiografia inachukua sekunde chache, na ndani ya sekunde hizo dawa kidogo ilitosha kutoka nje ya mshipa na kuacha wingu dogo mahali penyewe. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kunyoosha kidole kwenye filamu na kusema: ni hapa.

Na mpira ukishafika hapo, kwani urudi bure? Nusbaum na Baum walianza kupitisha kwenye mpira huohuo dawa ya kubana mishipa. Mwaka 1972, Josef Rösch, akishirikiana na Charles Dotter huko Portland, Oregon, alichapisha njia ya kuuziba mshipa unaovuja kutoka ndani, wakitumia donge la damu ya mgonjwa mwenyewe. Kutafuta na kutibu vikawa safari moja. Mtu ambaye miaka 20 nyuma angepasuliwa kutoka kifuani hadi kitovuni sasa angeweza kutoka na tundu dogo pajani.

Kuna jambo lingine picha hizi zilifanya ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo yote. Zilivumbua ugonjwa. Wazee wengi walikuwa wakivuja damu kutoka mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia, na lawama ilikuwa ikiangukia vifuko vidogo vinavyoota ukutani mwa utumbo uzeeni. Anjiografia ikaonyesha kitu tofauti: vishada vya mishipa midogo iliyopanuka na kujisokota, vidogo mno. Wapasuaji walikata kipande, wakakipeleka maabara, na maabara ikajibu kwamba haijaona kitu. Kumbe mishipa ile ikishakatwa inaishiwa damu na kunywea kama puto. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walipata ujanja wa kuijaza mishipa ya kipande kilichokatwa na mpira laini wa silikoni kabla haujaganda, ndipo vishada vikasimama vikaonekana. Leo vinaitwa anjiodisplasia. Fikiria hapo: kwa miaka mingi kisu na darubini, vitu tunavyoviamini kama hakimu wa mwisho, vilikuwa vikisema hakuna kitu. Picha ya mtu aliye hai ndiyo iliyosema kipo.

Hadi hapa ni stori ya ushindi. Lakini kuna kitu kimoja kinachoiharibu, nacho ni kwamba damu haina ratiba. Kwa kadirio linalorudiwa na madaktari, uvujaji wa tumbo na utumbo hukoma wenyewe mara kama 8 kati ya 10. Wengine hukoma kwa saa kadhaa kisha hurudi. Mgonjwa ametapakaa damu saa nane za usiku. Daktari anapigiwa simu, timu inakusanyika, chumba kinaandaliwa, mpira unaingia, dawa inadungwa, na picha inatoka safi kabisa. Mishipa mizuri, hakuna wingu. Mgonjwa anarudishwa wodini, na saa tatu baadaye anaanza tena. Picha haikukosea. Ilisema ukweli wa sekunde zile kumi.

Kwa hiyo tatizo liligeuka. Kuona hakukutosha tena, ilibidi mashine ijifunze kusubiri. Na kitu kilichosaidia kilikuwa kimeanza zamani, mahali pasipo na uhusiano wowote na matumbo ya watu. Mwaka 1937, mjini Palermo, Italia, Carlo Perrier na Emilio Segrè walipata elementi mpya ndani ya kipande cha molibdenamu kilichotumwa kutoka Berkeley, California. Ikaitwa teknetiamu. Mojawapo ya aina zake hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya saa 6: muda wa kutosha kufanya kazi, na mfupi wa kutosha isikae mwilini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maabara ya Brookhaven, karibu na New York, ilitengeneza chombo ambacho kinabeba molibdenamu yenye mnururisho na kuikamua teknetiamu kila inapohitajika. Hadi leo mafundi wanakitania kwa kukiita ng'ombe. Karibu wakati huohuo Hal Anger wa Berkeley alitengeneza kamera inayoweza kutazama miale inayotoka ndani ya mwili.

Angalia vile mambo yamepinduka hapo. Kwa eksirei, mashine inatuma miale na mwili unaweka kivuli. Kwa kamera ya Anger, mgonjwa ndiye taa na mashine inatazama tu. Mwaka 1977 Abass Alavi, mzaliwa wa Iran aliyekuwa akifanya kazi palepale Pennsylvania, alionyesha na wenzake kwamba teknetiamu iliyofungwa kwenye chembe ndogo za salfa inaweza kunasa uvujaji wa kama mililita 0.1 kwa dakika au hata chini yake. Ini linazifagia chembe hizo kutoka kwenye damu ndani ya dakika chache, mwili unabaki giza, na zile zilizovuja kwenye utumbo ndizo zinazong'aa. Mwaka 1979 timu nyingine ya Marekani ilichapisha njia ya kuibandika teknetiamu kwenye seli nyekundu za damu ya mgonjwa. Hizo hazifagiliwi. Zinazunguka kwa saa nyingi, na unaweza kumrudisha mgonjwa chini ya kamera kila anapohisi tumbo limechafuka, hata kesho yake.

Kijiko kimoja kila dakika 50. Na mashine inayoweza kungoja usiku kucha. Lakini kuna bei. Picha za kamera hii ni za ukungu, na katika zile saa za kungoja damu iliyovuja imesukumwa mbele au hata nyuma. Unaona doa linang'aa upande wa kulia chini, lakini lilianzia hapo au limefika hapo? Wapasuaji waliokata wakitegemea picha hiyo peke yake walijikuta mara nyingine wamekata mahali pasipo.

Hapo ndipo unaona muundo wa historia yote hii. Mashine inayoona vizuri haisubiri, na inayosubiri haioni vizuri. Kila kizazi kilichofuata kimekuwa kikijaribu kupunguza pengo hilo.

CT skani ilijaribu kwa kukimbia. Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alianza kufikiria hesabu zake mwaka 1956 akifanya kazi ya muda kwenye Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, akazichapisha 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ile iliyotoa muziki wa The Beatles, aliunda mashine yenyewe bila kujua habari za Cormack. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwenye Hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979, na hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya uzamifu ya kusomea. Sisi tulioacha chuo njiani tunalipenda sana jambo hilo, ingawa wao walikuwa wamesoma kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Lakini mashine ya kwanza ilitumia dakika kadhaa kwa kila picha. Ubongo unatulia ndani ya fuvu, utumbo hautulii. Ilibidi kungoja skani za kuzunguka bila kusimama, zilizofika mwishoni mwa miaka ya 1980, halafu zile za kupiga vipande vingi kwa mara moja, mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa tumbo zima linapigwa picha ndani ya pumzi moja, sekunde ambazo dawa iko ndani ya ateri, kisha linapigwa tena muda mfupi baadaye. Doa likionekana kwenye picha ya kwanza na likawa kubwa kwenye ya pili, hiyo ni damu inayotoka. Majaribio kwa nguruwe yalionyesha inaweza kunasa mililita 0.3 kwa dakika. Na haihitaji timu nzima kuamshwa, inahitaji sindano mkononi. Ndiyo maana hospitali nyingi sasa zinaanza nayo kwa mtu anayevuja damu nyingi kutoka chini.

Upande mwingine walijaribu kwa kuingia wenyewe. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan, alimeza mwaka 1957 mpira laini wa nyuzi za kioo alioutengeneza na wenzake, kuujaribu kwanza kwa koo lake. Endoskopi za leo ni wajukuu wa mpira huo. Zinaona na kutibu kwa pamoja, na ndizo zinazopata chanzo kwa wagonjwa wengi. Lakini ya mdomoni inaishia mwanzo wa utumbo mwembamba, na ya chini inaishia mwisho wake. Katikati zilibaki mita kadhaa za giza, ambako hutoka takriban asilimia 5 ya uvujaji wote. Gavriel Iddan, mhandisi wa Israeli aliyekuwa akishughulika na vifaa vya makombora, akaja na kidonge chenye kamera na taa. Kiliandikwa kwenye jarida la Nature mwaka 2000 na kuruhusiwa Marekani 2001. Kinasafiri kama saa 8, kikipiga picha mbili kila sekunde, zaidi ya 50,000 kwa safari moja. Kinaona vizuri na kinasubiri. Ila hakiwezi kugusa kitu, na mtu lazima akae azitazame zile picha zote.

Kwa miongo mingi mgonjwa ambaye endoskopi zote mbili hazikuonyesha kitu aliandikiwa kwenye faili kwamba uvujaji wake ni wa chanzo kisichojulikana. Mwaka 2015 mwongozo wa madaktari wa matumbo wa Marekani ulipendekeza maneno hayo yabaki kwa wale tu ambao utumbo wote umetazamwa, pamoja na ule mwembamba, na bado hakuna kitu. Wengine waitwe tu wenye uvujaji wa utumbo mwembamba. Linaonekana kama jambo la makarani, lakini kwa mgonjwa lina uzito. Kusema chanzo hakijulikani ni tofauti na kusema hatujamaliza kutazama.

Na kuna waliokataa kusubiri kabisa. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya madaktari, mgonjwa akirudi mara ya tatu na ya nne na kila picha ikiwa safi, wameichokoza damu kwa makusudi. Mpira ukiwa tayari ndani ya mshipa, wanampa dawa za kuzuia damu kuganda au za kupanua mishipa, ili avuje mbele ya kamera. Timu ya upasuaji inakaa tayari mlangoni. Inafanywa kwa wachache na kwa idhini yao, na si kila mara inafanikiwa. Lakini inakuonyesha vile madaktari walivyochoka na picha safi.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu kila namba niliyoitaja hapo juu ilipimwa mahali ambapo mashine iko chini ya paa moja na mgonjwa.

Sababu za kuvuja damu tunazo kwa wingi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo unazinunua dukani bila kuulizwa swali, zinachimba vidonda tumboni na hata kwenye utumbo mwembamba. Ukanda wa Ziwa Victoria na mashamba ya mpunga ya Mwea kuna kichocho cha matumbo, ambacho kikilikaa ini miaka mingi kinaweza kuvimbisha mishipa ya umio mpaka ipasuke. Kwa wagonjwa kama hao jibu la kwanza ni endoskopi, hawahitaji teknetiamu. Lakini kwa yule ambaye endoskopi haikuona kitu, kinachofuata kinategemea amelala wodi ya mji gani.

Teknetiamu haiwezi kuwekwa stoo. Kenya haina kinu cha nyuklia, kwa hivyo ng'ombe wetu anasafirishwa kutoka nje, na molibdenamu iliyo ndani yake inapoteza nusu ya nguvu kila saa 66. Kinu cha Pelindaba, Afrika Kusini, ni miongoni mwa vinavyolisha dunia nzima. Mwaka 2009, kinu cha Chalk River nchini Canada kilipozimwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, hata hospitali za nchi tajiri zilianza kuahirisha wagonjwa. Wataalamu wetu wa kupitisha katheta na kuziba mishipa nao wako zaidi Nairobi na miji michache mikubwa.

Serikali iliwahi kujaribu kuisogeza mashine karibu. Mwaka 2015 ilianza mpango wa kukodisha vifaa, hospitali mbili kwa kila kaunti. Baadaye Seneti iliunda kamati ya kuuchunguza, na ikajulikana kwamba baadhi ya mashine zilikaa bila kutumika kwa kukosa umeme wa kutosha, vyumba vinavyofaa au watu waliosomea kuziendesha. Tulinunua macho, tukasahau kwamba swali la ugonjwa huu ni saa. Skani iliyo wazi mchana tu, kwa mtu aliyevuja damu usiku, inampiga picha ya asubuhi. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni kama kilomita 1,000 kwa barabara. Kabla rufaa haijaandikwa, gari likapatikana na safari ikaisha, damu imekoma au mgonjwa amekwisha. Akifika ikiwa imekoma, anapigwa picha safi, anaongezewa damu, anarudishwa nyumbani na karatasi inayosema hakuna kilichoonekana. Halafu watu wanaanza kuuliza kama kweli alikuwa mgonjwa, au ni mambo ya kurogwa.

Hakurogwa. Picha ilichelewa.

Kuna vitu mtu anaweza kufanya bila kungoja bajeti ya kaunti. Choo kikiwa cheusi kama lami, na humezi vidonge vya madini ya chuma ambavyo hukifanya cheusi bure, nenda hospitali siku hiyohiyo. Andika saa kilipoanza, saa kilipokoma, na dawa zote ulizomeza wiki hiyo, hata zile za maumivu ulizoona ni ndogo. Daktari akisema endoskopi iko safi, muulize kama utumbo mwembamba umetazamwa na kama kuna picha inayoweza kupigwa damu ikirudi. Na tunapowauliza viongozi wetu kuhusu afya, tusiishie kwenye idadi ya mashine walizozindua. Tuwaulize mtu akianza kuvuja damu saa nane za usiku kwenye hospitali yetu, picha yake itapigwa saa ngapi, na nani atakuwa macho kuisoma.